Sauti ya pili kwenye DVD: nani mwengine alikuwa akisikiliza komentari? (uzi mrefu)

Kijana_wa_Kibokoni – Jumamosi, saa 3:40 usiku

Assalam aleikum, na kwa wengine wote, hamjambo.

Kwenye rimoti ya deki ya DVD kuna kitufe kimeandikwa AUDIO. Wengi wetu hapa Mombasa tulikijua kwa ajali: mtoto amekalia rimoti, stelingi wa Kimarekani anaanza kufoka Kirusi. Unabonyeza mpaka Kiingereza kirudi, basi, hujishughulishi nacho tena. Siku moja mwaka 2006 nilibonyeza mara moja zaidi, na Kiingereza kilichorudi hakikuwa cha waigizaji. Ilikuwa sauti ya mzee anazungumza polepole juu ya picha, huku midomo ya watu kwenye runinga ikicheza bila kutoa neno. Nikadhani diski imeharibika. Kisha yule mzee akasema jambo ambalo sijalisahau hadi leo: mvua haionekani kwenye kamera mpaka uweke taa nyuma yake. Ukiimulika kwa mbele, kamera haioni kitu, utaona waigizaji wamelowa tu hujui wamelowa na nini.

Masika yalipofika nikasimama barazani kwetu nikaitazama taa ya kichochoro. Kweli kabisa. Mvua ilikuwa imejaa kichochoro kizima, lakini niliyoiona ni ile iliyokuwa baina yangu na taa, nyuzi nyuzi nyeupe. Ya upande wa pili, kwenye giza, naisikia tu. Nilikuwa na miaka 14, sijapata kushika kamera. Leo kazi yangu ni kupiga video za harusi, na kila harusi niliyopiga kwenye mvua nimeweka taa nyuma.

Sauti hiyo ndiyo komentari. Mwelekezi, au mpiga picha, au mhariri, au mtu aliyeichunguza filamu kwa miaka, anaketi studio, anaitazama filamu mwanzo hadi mwisho na kuzungumza juu yake. Mambo haya yalianza Marekani mwaka 1984, DVD haijawa hata wazo. Kampuni ya Criterion ilikuwa ikitoa King Kong ya mwaka 1933 kwenye laserdisc, zile diski kubwa kama santuri, na laserdisc ilikuwa na nafasi ya sauti zaidi ya moja. Wakamweka Ronald Haver, aliyekuwa akishughulikia filamu katika jumba la makumbusho ya sanaa la Los Angeles, azungumze kwenye nafasi iliyobaki wazi. Akazungumza filamu nzima. DVD ilipokuja, Japani mwishoni mwa 1996 na Marekani mwaka 1997, ikawa na nafasi za sauti hadi nane na za maandishi hadi 32. Kampuni zikaanza kuzijaza: komentari, vipande vilivyokatwa, michoro ya awali, filamu ya kuonyesha filamu ilivyotengenezwa.

Kwangu mimi hiki ndicho chuo nilichosoma. Sikupata ada ya chuo kingine. Na hata hiki hatukukipata sawasawa, kwa sababu diski nyingi tulizonunua mjini hazikuwa na hiyo sauti. Sasa diski zenyewe zinaondoka. Mwenye kumbukumbu aiweke hapa: ulisikia nini, ulijifunza nini, na ni diski gani ungali nayo.

---

Fundi_Mwembe_Tayari – saa 4:15 usiku

Nijibu hiyo ya diski kutokuwa na sauti, kwa sababu mimi nilikuwa upande wa pili wa meza. Kuanzia 2004 hadi 2011 nilikuwa nachoma diski kibandani, si mbali na Mwembe Tayari.

DVD ya kiwandani mara nyingi ni ya tabaka mbili, GB 8.5. Diski tupu tuliyokuwa tukinunua kwa jumla ni ya tabaka moja, GB 4.7. Haiingii. Programu inakuletea orodha yenye vitiki na inakuuliza utoe nini: sauti ya Kiingereza, sauti ya Kifaransa, komentari ya kwanza, komentari ya pili, nyongeza. Mteja anataka picha safi. Ukiacha nyongeza za video, filamu yenyewe inaminywa, na watu wakikimbia picha inakatika vipande vipande kama vigae. Basi natoa vitiki vyote nabakisha Kiingereza. Ni kazi ya sekunde mbili.

Hesabu inayoniuma niliipiga baadaye sana. Komentari ya saa mbili, kwa ubora wa kawaida, ni kama MB 170. Haili nafasi yoyote ya maana. Nyongeza za video ndizo zilizokuwa nzito, lakini mimi nilifuta vyote pamoja bila kuangalia. Nimetoa kitiki hicho mara elfu na zaidi, na sijapata kusikiliza hata komentari moja kati ya nilizozitoa.

Baadaye zikaja zile diski za filamu ishirini kwa pamoja, ambazo hazina hata menyu. Kisha watu wakaanza kuja na flashi. Kufikia hapo kitufe cha AUDIO hakikuwa na kazi tena.

---

Kijana_wa_Kibokoni – saa 4:32 usiku

Kaka Fundi, ahsante kwa kusema wazi. Na mimi sikulaumu, kwa sababu shilingi zile 50 ndizo nilizokuwa nazo, na bila ninyi nisingeona filamu hata moja.

Diski yangu ya mvua ilikuwa halisi, shangazi aliileta kutoka Dubai. Na ilikuwa nusura nisiione. Dubai iko eneo la 2 katika ule mgao wa DVD, dunia imekatwa maeneo na deki ya eneo moja inakataa diski za jingine, sisi Kenya tuko eneo la 5 pamoja na India na Urusi (ndiyo asili ya kile Kirusi, mnaona). Deki yetu iliikataa, ikaandika msimbo wa kosa na kuitema. Jirani mmoja akaja, akafungua menyu, akabonyeza nambari kadhaa kwenye rimoti kwa mpangilio anaoujua yeye, na tangu siku ile deki ikawa inakubali kila kitu. Nafikiri mafundi wa aina ile waliipa Mombasa sinema zaidi ya duka lolote.

---

Binti_Majengo – saa 5:05 usiku

Mimi naomba niingie kwa mlango mwengine.

Babangu alipoteza macho kwa presha ya macho, 2013. Alikuwa mtu wa sinema hasa, mtu wa kwenda Regal na Naaz enzi zake, na filamu za Kihindi anazijua mpaka pumzi za waimbaji. Macho yalipokwenda akaacha kabisa. Runinga ikiwashwa anaondoka sebuleni.

Siku moja nikawa nacheza na hicho kitufe chenu, kwenye DVD aliyoileta binamu kutoka Uingereza. Nikapata sauti ambayo si komentari ninyi mnayoisema. Ni mtu anayeeleza kinachoonekana, katikati ya mazungumzo, pale waigizaji wanaponyamaza. "Mlango unafunguka. Anaingia akiwa na barua." Ni sauti iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona. Nikajua basi kwamba jambo hili lipo na lina utaratibu wake. Lakini ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha baba ni cha bandarini, cha kazi.

Nikaanza kumsimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Mwanzo nilikuwa mbaya sana. Nilikuwa nazungumza juu ya maneno ya waigizaji, na nilikuwa namwambia hisia: amekasirika, ana huzuni, ni mrembo. Baba akanivumilia filamu mbili. Ya tatu akaniambia, "Mwanangu, usiniambie ana huzuni. Niambie mikono yake iko wapi."

Tangu siku ile nasema mikono iko wapi. Amevaa buibui jeusi, ameshika funguo, kidole gumba kinazipekua. Baba anasema mwenyewe, "Haendi huyu. Atarudi." Na mara nyingi anapatia kabla yangu mimi ninayeona.

---

Bamburi_Peke_Yangu – saa 5:20 usiku

Dada, hiyo yako ni kitu kingine na nakupa heshima zote. Lakini kwa komentari ya waelekezi, mimi siko nanyi. Filamu inayohitaji mwenyewe aje kuieleza haijaiva. David Lynch alikataa maisha yake yote kurekodi komentari. Kwenye DVD ya filamu yake Mulholland Drive hata sura, vile vituo vya kurukia mbele, hakuziweka, ili usiruke, uketi uitazame yote kama ulivyoingia sinema. Spielberg naye hana komentari. Hao ni watu wanaojua wanachofanya.

Na nina sababu yangu. Kuna mandhari moja ya mama anamlilia mwanawe ambayo ilikuwa ikinitoa machozi kila mara. Nikasikiliza komentari. Mwelekezi akasema kwamba siku ile machozi hayakuja, wakampaka mwigizaji dawa ya menthol chini ya macho. Tangu hapo nikiitazama naona menthol. Mama simuoni tena, na sijui nitampataje.

---

Kijana_wa_Kibokoni – saa 5:41 usiku

Kakangu wa Bamburi, maumivu yako nimeyaelewa na siyabishi. Naongeza tu kwamba sauti ya pili imewekwa nyuma ya kitufe kwa sababu hiyo hiyo. Filamu kwanza, tena mara mbili tatu, mpaka iwe yako. Komentari ni ya mtu aliyekwisha kuipenda na sasa anataka kuijua kazi yake. Fundi seremala akikuonyesha mlango wa zamani wa Mji wa Kale ulivyounganishwa bila msumari, mlango hauharibiki. Lakini kweli, kuna wanaosema mengi mno, na kuna wanaosema upuuzi mtupu kwa saa mbili: huyu alikuwa mzuri kufanya naye kazi, yule naye alikuwa mzuri kufanya naye kazi. Hizo hata mimi nazizima.

---

Mtu_wa_Tanga – Jumapili, saa 1:10 asubuhi

Jirani zangu wa Mombasa, mnazungumza kana kwamba komentari ni ya Wazungu peke yao. Mmewasahau wasimulizi wetu? Huku Tanzania tulikuwa na Lufufu wa Dar es Salaam. Anachukua filamu ya kigeni, anaingiza sauti yake ya Kiswahili juu, anatafsiri, anaeleza desturi za watu wale, anakumbusha nani ndugu ya nani, na pale filamu inaponyamaza anajaza yeye. Huko kwenu Kenya mna DJ Afro, nani asiyemjua? Watu wamekaa kwenye mabanda ya video wakimfuata yeye zaidi ya stelingi. Uganda nao wana maveejay wao.

Bibi yangu hakusoma shule na aliijua filamu ya Kichina ya karate kwa undani, kwa sababu Lufufu alimweleza kwa nini mwanafunzi hawezi kumpiga mwalimu wake. Hiyo ni komentari, ila ya kwetu inakaa upande wa mtazamaji, ya kwao inakaa upande wa mtengenezaji. Mimi nataka zote mbili.

---

Binti_Majengo – saa 1:25 asubuhi

Umesema kweli ami wa Tanga. Baba anampenda DJ Afro lakini ana lawama moja: "Anasema sana hata mimi nisiyeona sipati nafasi ya kusikia."

---

Mwana_wa_Kachi – saa 4:00 asubuhi

Niweke yangu, ni ya nyongeza wala si ya komentari.

Sisi asili yetu ni Kachi, Gujarati. Nyanya yangu aliletwa Mombasa akiwa mtoto mdogo na hakurudi hata mara moja. Filamu ya Lagaan ilipigwa karibu na Bhuj, mji wa huko huko Kachi, mwaka 2000, na kuna filamu ya pili, Chale Chalo, inayoonyesha jinsi ilivyotengenezwa. Familia yetu Lagaan tuliitazama kama kila mtu, kwa nyimbo na kriketi. Lakini hiyo ya pili nyanya aliitaka kila Ijumaa baada ya chakula.

Hakuwa akimtazama Aamir Khan. Alikuwa akitazama wanakijiji waliochukuliwa kuigiza, wanavyoketi chini, akina mama wanavyovuta mtandio wakicheka. Anasimamisha kwa rimoti, anasogea mpaka pua inakaribia kioo. Mara moja aliweka kidole juu ya ukuta mmoja uliotiwa nakshi za vioo vidogo na kusema kwa Kikachi kwamba mamake alikuwa na ukuta kama ule.

Tarehe 26 Januari 2001, kabla filamu haijatoka, tetemeko likaipiga Bhuj na vijiji vyake. Kwa hiyo anachokitazama nyanya kwenye hiyo nyongeza, kingine hakipo tena. Filamu yenyewe imeonyesha kijiji kilichojengwa na watu wa seti. Nyongeza ndiyo iliyoonyesha vijiji vyenyewe na watu wake. Hapo ndipo mimi nilipoacha kuziita nyongeza.

---

Fundi_Mwembe_Tayari – saa 4:12 asubuhi

Kaka wa Kachi, hiyo ningekuwa nimeitolea kitiki. Nimeisoma mara mbili.

---

Kisauni_Kamera – saa 6:30 mchana

Tuje kwa faida ya kazi, kwa sababu kuna vijana wanasoma hapa.

Mwelekezi Robert Rodriguez alitengeneza filamu ya El Mariachi kwa kama dola 7,000, na sehemu ya pesa hizo aliipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Kwenye diski zake huwa kuna darasa la dakika kumi. Anakuonyesha kitu alichofanya na alichokitumia, bila mapambo. Kwa mfano kamera haina reli ya kutembelea: mpiga picha anaketi kwenye kiti cha magurudumu, mwenzake anasukuma.

Sisi tuliazima kiti cha magurudumu cha msikiti wa mtaani. Tulikuwa tunapiga filamu fupi kwenye ile barabara ya mchanga nyuma ya Kisauni, na kitu ambacho yule bwana hakukisema ni kwamba gurudumu likiingia mchangani picha inaruka kama matatu kwenye tuta. Tukatandika jamvi mbili za ukindu, ya nyuma inahamishwa mbele kila kiti kinapopita. Watu wawili kazi yao jamvi tu. Picha ikatoka laini kabisa, nani angesema ni Kisauni.

Nawaambia hili kwa sababu siku moja mtu atauliza tulifanyaje, na jibu haliko popote isipokuwa hapa na vichwani mwa watu wanne. Wa tano alishaenda Saudia.

---

Nyali_2005 – saa 7:02 mchana

Samahani wakubwa, naheshimu uzi lakini siyo kwamba haya yote yako YouTube siku hizi? Ukitafuta filamu yoyote unapata video ya nyuma ya pazia. Na Netflix iko Kenya tangu 2016. Kwa nini tulilie diski?

---

Kijana_wa_Kibokoni – saa 7:30 mchana

Swali zuri mdogo wangu, na si wewe peke yako unayeliuliza.

Tafuta hiyo video ya nyuma ya pazia uitazame ukiwa na kalamu. Dakika tatu, waigizaji wanacheka, kila mmoja anamsifu mwenzake, na mwisho tarehe ya kutoka. Imetengenezwa na watu wa matangazo kabla filamu haijauzwa, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kilichoharibika. Komentari nzuri inarekodiwa vumbi likishatulia. Francis Ford Coppola kwenye komentari ya The Godfather anaeleza jinsi alivyoishi na hofu ya kufukuzwa kazi wakati wa kupiga filamu ile. Hayo hayasemwi kwenye tangazo. Filamu za The Lord of the Rings, zile ndefu, kila moja ina komentari nne: ya mwelekezi na waandishi, ya watu wa sanaa na vifaa, ya uhariri na sauti, ya waigizaji. Ukitaka kujua mtu wa sauti anafanya nini kutwa nzima, keti na moja kati ya hizo.

Kuhusu striming: ukibonyeza sehemu ya lugha utapata Kihispania, Kifaransa, Kijerumani. Komentari ni nadra sana. Criterion wenyewe, walioanzisha jambo hili, wana huduma yao ya mtandaoni yenye nyongeza nyingi, lakini ni ya Marekani na Kanada, sisi mlango umefungwa. Netflix iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta ilisimamisha huduma hiyo tarehe 29 Septemba 2023. Na hata kama ingekuwepo yote, kwa bando za siku hizi nani atatazama filamu moja mara mbili? Diski ukishakuwa nayo, kuitazama mara ya kumi ni bure.

---

Mpwani_Ughaibuni – saa 2:15 usiku

Salamu kutoka kwenye baridi. Nimezaliwa Tudor, niko Uingereza mwaka wa kumi na tisa huu. Hapa maduka ya hisani yanauza DVD kwa bei ya peremende, nami nanunua kila yenye maandishi ya komentari mgongoni. Nina masanduku mawili, nikija Disemba nitakuja nalo moja, mnipokee feri.

Niwape moja inayohusu sauti hasa. Roger Ebert, mhakiki wa filamu wa Chicago, alirekodi komentari ya Citizen Kane na ya Casablanca. Mwaka 2006 akapoteza sauti kwa sababu ya saratani na upasuaji, hakuzungumza tena. Kampuni moja ya Edinburgh, CereProc, ikamtengenezea sauti ya kompyuta iliyofanana na yake mwenyewe, na waliichonga kutoka kwenye rekodi za komentari zake, kwa sababu ilikuwa sauti safi ya studio, saa kwa saa, yeye peke yake anazungumza. Mwaka 2010 akaitumia hadharani mkewe akiwa kando yake. Alifariki 2013.

Mimi baada ya kusoma habari hiyo nilimpigia mamangu simu nikarekodi. Tulizungumza habari za mbaazi na bei ya nazi. Hilo tu.

---

Kijana_wa_Kibokoni – saa 3:00 usiku

Basi nami niseme nililokuwa nalo tangu mwanzo.

Nina ami yangu, ndugu wa babangu, umri wake umepita miaka sabini na mitano. Miaka ya 70 alikuwa opereta katika sinema moja ya hapa mjini, mtu wa kule juu kwenye chumba cha mashine. Hakuna aliyewahi kumuuliza chochote. Watu wakizungumza sinema za zamani wanazungumza filamu, viazi vya karai, nani alimwoa nani aliyemkuta kwenye foleni. Nataka nimketishe mbele ya filamu moja ya Kihindi aliyoionyesha yeye mwenyewe, nirekodi anachosema mwanzo hadi mwisho. Komentari ya Mombasa, kutoka chumba cha mashine.

Kaka Fundi, nisaidie upande wa ufundi.

---

Fundi_Mwembe_Tayari – saa 3:25 usiku

Kwa furaha. Usirekodi na sauti ya runinga imepanda, utapata uji. Mpe ami sauti ya filamu kwenye spika ya masikio ya upande mmoja, sikio la pili liwe wazi akusikie wewe. Simu ya kurekodi iweke kwenye mto, shubiri moja kutoka kifuani kwake, usiiweke juu ya meza maana kila akigonga meza utasikia bomu. Feni uizime, najua joto, lakini izime. Nembo ya kwanza ikitokea kwenye kioo, piga kofi moja, hapo ndipo tutakapounganisha sauti na picha. Filamu ukiisimamisha kwa sababu yoyote, piga kofi tena ukianza.

Ukimaliza niletee. Nitaiweka kama sauti ya pili kwenye diski, ibonyezwe kwa rimoti kama za kiwandani. Sitaki malipo.

---

Binti_Majengo – saa 3:31 usiku

Na usimuulize maswali mengi. Mwache anyamaze. Baba akinyamaza dakika tano najua linakuja jambo.

---

Kijana_wa_Kibokoni – Jumatano, wiki mbili na nusu baadaye

Nimerudi. Samahani kwa kuchelewa, ami alikuwa na homa wiki ya kwanza.

Tulifanya Jumapili baada ya Adhuhuri, feni imezimwa, kahawa na kashata juu ya stuli. Dakika kumi na tano za kwanza hakusema kitu cha maana. Huyu mwigizaji amekufa, huyu naye amekufa. Nikaanza kukata tamaa nikamkumbuka dada wa Majengo, nikanyamaza.

Kwenye dakika ya kumi na nane hivi, katikati ya mazungumzo ya kawaida tu ya baba na mwana, ami akasema, "Moja." Mguu wake wa kulia ukasogea. Kimya. Kisha, "Mbili," na mkono ukapanda kidogo kutoka kwenye goti na kushuka. Akaendelea kunywa kahawa.

Nikamuuliza ni nini. Akashangaa sikuona. Juu kwenye pembe ya kulia ya picha, nukta ndogo ya duara, inakaa chini ya muda wa kufumba jicho. Riili moja, lile gurudumu la mkanda wa filamu, ni kama dakika ishirini, na chumbani kuna mashine mbili. Nukta ya kwanza ikitokea unawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde saba hivi, nukta ya pili, unabadilisha, na watu kule chini hawajui. Ukichelewa wanaona kioo cheupe na wanapiga mbinja. Kumbe diski hii ilitolewa kutoka kwenye nakala iliyokuwa ikizunguka masinema, nukta zikabaki humo. Nimeitazama filamu hii tangu utotoni sikuwahi kuziona.

Baada ya hapo akafunguka. Alizungumza vijiti vya kaboni vilivyokuwa vikiwaka kama welding na kupungua, kila dakika chache unavisogeza kwa mkono, na unajua vimepungua kwa rangi ya ngozi ya mwigizaji kugeuka manjano. Alizungumza kijana wa baiskeli aliyekuwa akibeba riili kutoka sinema nyingine iliyoonyesha filamu hiyo hiyo nusu saa mbele yao, na siku aliyoanguka karibu na Makadara, na wao huko juu wakarudia wimbo mmoja mara tatu kungojea. Watu wakafurahi, wakadhani ni zawadi.

Kaka Fundi ameshaiunganisha. Diski ziko tano, moja nimempelekea dada wa Majengo kwa ajili ya mzee, moja inamngojea Mpwani feri. Mtu wa Tanga nitumie anwani kwa faragha.

Kuna nukta nane katika filamu nzima. Ami aliziita zote, moja, mbili, moja, mbili, hata pale alipokuwa katikati ya kisa alikikata, akahesabu, akaendelea. Ya sita aliiita kabla haijatokea. Nimeirudia peke yangu usiku mara mbili, nikiwa najua ziko wapi, nikaziona tano.